Michembe Nayo Ina Vina

Ushairi wa Kiswahili unajua kulilia nyumba. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitembeza nafsi yake katika majumba ya Pate yaliyokuwa yaking'aa kwa taa na vyombo vya kaure, akaionyesha popo na wadudu waliokuja kurithi kumbi za mabwana. Tangu hapo kila mpenzi wa tungo zetu anajua kwamba gofu linaweza kusema. Hata hivyo, magofu tuliyoyapa kauli ni ya wenye nacho. Hoteli ya kijijini yenye mabenchi mawili, mafiga matatu na paa la bati lililoota kutu haijapata mliaji, ingawa waliokula humo ni wengi kuliko waliowahi kukanyaga kumbi za Pate.

Makala haya yanatetea jambo moja: kwamba hoteli hizo, na hasa zile za Bariadi na viunga vyake mkoani Simiyu, zinastahili nafasi katika ushairi wetu, na kwamba tusipowapa nafasi hiyo wapishi na vyakula vyao, tutapoteza maneno ambayo hakuna semina itakayoyarudisha.

Niseme kwanza ninachokiita hoteli. Mgeni aliyejifunza Kiswahili vitabuni hudhani hoteli ni mahali pa kulala. Mwenyeji wa Bariadi akikwambia "twende hotelini" saa saba mchana, hakualiki kitandani. Anakualika kwenye ugali. Neno tulilipokea kutoka kwa wageni likiwa na vitanda, tukavitoa vitanda, tukaweka sufuria. Mkahawa nao ulianza na kahawa, kama jina lake linavyoshuhudia, kisha ukaongeza chapati, supu na wali hata kahawa yenyewe ikasahauliwa. Watu wengi Tanzania bara husema mgahawa, nao hawakumbuki tena kwamba ndani yake palikuwa na buni. Hivyo ndivyo lugha inavyokula: humeza jina la mgeni, ikalitafuna, ikabaki na ladha yake yenyewe.

Hoteli ninazozizungumzia zilikuwa za aina moja katika miji midogo yote ya Usukuma. Zilikaa karibu na stendi, au mkabala na ghala la pamba, au pembeni mwa mnada wa ng'ombe. Asubuhi palikuwa na chai ya maziwa na maandazi, au chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Mchana palikuwa na ugali: wa mahindi kwa aliyetaka, wa mtama au uwele kwa aliyeujua utamu wake. Mboga ilikuwa mlenda, kunde, dagaa waliotoka pwani ya Ziwa Viktoria upande wa Busega, au nyama iliyochemshwa kwa chumvi tu mpaka mchuzi ukawa mzito wenyewe. Maziwa mgando yalikuja katika kikombe cha bati. Na penye mama aliyeijua kazi yake, palikuwa na michembe.

Kwa msomaji aliye mbali, michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa vikiwa vibichi, vikakatwa vipande vyembamba, vikaanikwa juani mpaka vikakauka kabisa. Matobolwa ni ndugu yake, lakini njia ni nyingine: kiazi huchemshwa kwanza, kikamenywa, kikakatwa, ndipo kikaanikwa. Michembe hupikwa tena kabla ya kuliwa. Matobolwa waweza kuyatafuna makavu, nawe waenda zako njiani. Vyote viwili huwekwa akiba msimu wa viazi ukipita, vikaivusha familia katika miezi ambayo shamba halina la kutoa. Nsansa nazo ni majani ya kunde yaliyokaushwa kwa kusudi hilohilo, na yakiungwa kwa karanga huwa mboga ambayo mtu hukumbuka miaka arobaini baadaye, akiwa mji wa mbali, mbele ya sahani ya kitu kingine.

Tazama jinsi maneno haya yanavyofanya kazi. Kutofautisha michembe na matobolwa ni kutofautisha hatua za kazi: kipi kilitangulia, moto au jua. Mtu asiyekuwa na majina hayo mawili hulazimika kusema "viazi vilivyokaushwa", na hapo maarifa yote ya mpishi yameshamwagika chini. Lugha yenye neno moja mahali pa mawili ni kama ghala lenye mlango bila kuta.

Hoteli hizo ziliishi kwa pamba. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini, na kila aliyekulia huko anajua kwamba kalenda ya tumbo iliandikwa na pamba. Kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa katikati ya mwaka, mkulima hakuwa na fedha mkononi, naye alikula kwa daftari. Ukutani paliandikwa maonyo ambayo kila mmoja wetu ameyasoma mahali fulani: kwamba leo ni fedha taslimu na mkopo ni kesho, au ile methali ya kukopa harusi kulipa matanga. Chini ya maonyo hayo mama alikuwa akikopesha. Maandishi yalikuwa ya wageni, na daftari lilikuwa la jirani. Nani miongoni mwetu ameandika shairi juu ya ukuta unaosema hapana na mkono unaosema ndiyo?

Mama huyo tunamwita mama ntilie, na jina hilo peke yake lingetosha kuwa somo la ushairi. Asili yake ni "nitilie", yaani nitie chakula sahanini, unitilie mimi. Ni kauli ya mlaji iliyogeuka kuwa jina la mpishi. Sijui kazi nyingine katika Kiswahili inayoitwa kwa ombi la mteja wake. Fundi haitwi "nishonee", wala dereva haitwi "nipeleke". Na mshairi asikose kuona jambo la mizani: katika "nitilie" mna mizani nne, na katika "ntilie" irabu imemezwa, lakini nazali iliyobaki inasimama peke yake, hivyo mizani ni nne vilevile. Njaa imeharakisha ulimi bila kuuvunja utungo.

Siku hizi wenye ofisi wanapendelea "mama lishe". Siukatai msamiati huo. Umetengenezwa vizuri kutokana na kitenzi la, kwa njia ya lisha, nao unampa mwanamke heshima ya mtu mwenye taaluma. Na tangu wanaume waliposhika mwiko, "baba lishe" nalo limepata kazi. Lakini lishe ni neno la mizani ya kliniki. Linazungumza juu ya mwili unavyohitaji nini, wala halizungumzi juu ya mtu aliyeketi kwenye benchi akanyoosha sahani. Kauli ya kutendea katika "nitilie" inabeba uhusiano: wewe unanifanyia mimi. Wafaransa nao, katika karne ya 18, waliita restaurant mchuzi mzito uliokusudiwa kumrudishia nguvu mtu aliyechoka, kabla neno hilo halijahamia kwenye nyumba inayouuza. Kwao jina lilitoka kwenye dawa, na kwetu lilitoka kwenye ombi. Nathubutu kusema letu ni zuri zaidi.

Sasa nifike kwenye malalamiko yangu. Nimesoma diwani nyingi za washairi chipukizi wa bara, baadhi yao wazaliwa wa Bariadi, Maswa na Meatu. Wakitaka kuusifu utamu, wanaandika tende na halua. Wakitaka kuisifu karamu, wanaandika pilau na biriani. Wakitaka kumsifu mpenzi, wanamwita asumini, ua ambalo huenda hawakuwahi kulinusa kabla ya utu uzima. Sina ugomvi na vitu hivyo. Ni urithi wa ushairi wetu, na mwambao ndio uliotufundisha kupima mizani. Ugomvi wangu ni kwamba mshairi aliyelelewa kwa michembe ameona haya kuitaja, kana kwamba utungo wa arudhi una mlinzi mlangoni anayekagua kikapu. Mwambao ulitukabidhi kipimo. Haukutuamuru tupime tende tu.

Wako watakaonijibu kwamba michembe si Kiswahili. Watasema ni Kisukuma, na kwamba nchi yenye lugha zaidi ya mia moja haiwezi kufungua kamusi kwa kila jiko. Hoja hiyo ina uzito, lakini historia ya lugha yetu imekwisha kuijibu. Neno ikulu, tunalolitumia kwa makao ya Rais, lilitoka bara, kwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma, ambako ikulu ni kwa mtemi. Kung'atuka kulitoka kwa Wazanaki, na Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985 taifa zima lilikuwa likilitumia bila kuuliza pasipoti yake. Maneno ya utawala yaliingia kwa mlango mkubwa, na hakuna aliyelalamika. Kwa nini basi maneno ya chakula yazuiwe kwenye mlango wa jikoni? Ikiwa nchi ya michembe ilistahili kuipa dola jina la nyumba yake kuu, inastahili pia kuipa lugha jina la akiba yake ya njaa.

Tena hatuhitaji kufungua mlango kwa kila neno. Kigezo ni chepesi: je, Kiswahili kina neno jingine kwa kitu hicho? Kwa ugali kipo, hivyo hatuna haja ya "bugali". Kwa michembe na matobolwa hakina. Pengo lipo, na neno la kuliziba liko sokoni, likiuzwa kwa kopo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sitalipita juu juu. Huenda msomaji akasema: mwandishi huyu anausifu umaskini. Michembe ni chakula cha ukame. Hoteli aliyoisifu ilijaa moshi wa kuni, na mwanamke aliyeinama juu yake aliamka kabla ya jogoo, akateka maji mbali, akaumwa macho na kifua, akakopesha watu wasiolipa. Binti yake anayeuza chipsi mayai leo, kwa jiko la gesi, ana maisha mepesi zaidi. Nani ana haki ya kumtaka arudi kwenye mafiga?

Hakuna mwenye haki hiyo, wala mimi siidai. Kumbukumbu inayofuta moshi ni uongo, hata ikiwa na vina vilivyonyooka. Shairi linalotaja utamu wa mlenda lisitaje mgongo wa aliyeupika litakuwa limekula bila kulipa. Ninachokidai ni tofauti: kwamba vyote viwili viandikwe pamoja, kwa kuwa vilikuwa pamoja. Michembe ilikuwa chakula cha ukame, na kwa sababu hiyohiyo ilikuwa maarifa. Aliyeivumbua alitazama jua linaloua mazao yake akalifanya mtumishi wa ghala lake. Ukiona umaskini peke yake katika jambo hilo, hujaona nusu ya pili.

Na ushairi wetu unalijua somo hili tangu zamani. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, ule ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa yuko gerezani, na walinzi wanamnyang'anya kila chakula kizuri anacholetewa. Mama yake anaoka mkate wa wishwa, makapi ambayo hakuna mlinzi anayeyatamani, akaficha tupa ndani. Walinzi wanaudharau mkate, wanaupitisha, na Liyongo anapata kitu cha kukatia pingu zake. Ninaposikia mtu akidharau chakula cha makabwela kwamba hakifai kutungiwa, nawakumbuka walinzi wale. Tupa ilikuwa ndani ya kile walichokikataa.

Liko pia jambo la wakati. Kabla ya mwaka 2012 Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Ulipoundwa Mkoa wa Simiyu wenye wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, mji huo ukawa makao makuu, na makao makuu huja na ofisi, nyumba za wageni na migahawa yenye menyu iliyochapwa. Lami sasa inaiunganisha Bariadi na Lamadi upande mmoja, na Maswa upande mwingine. Haya ni maendeleo, na mgonjwa anayekimbizwa hospitali kwa barabara hiyo hatamlilia mama ntilie wa stendi. Lakini basi linalopita kasi halina sababu ya kusimama, na abiria asiyesimama hali. Hoteli moja hufungwa, ya pili hugeuka duka la vocha na simu, ya tatu hubadili jina likawa la Kiingereza na chakula kikawa kilekile cha kila mji. Hakuna aliyekosea katika mlolongo huo. Ndiyo maana hakuna atakayesimama kuuzuia, na ndiyo maana kazi ya kuyabakiza maneno inatuangukia sisi tusio na duka wala barabara.

Mtu akiniuliza kama maneno hayo yanaweza kweli kukaa katika arudhi, nitamwomba ahesabu. Michembe ni mizani tatu, na kina chake ni "mbe". Sasa tazama ni maneno gani yanakingoja: jembe, ng'ombe, pembe, kikombe, embe, pombe, kiumbe. Maisha yote ya mkulima wa Simiyu yamekaa katika kina kimoja, kama wageni waliokwisha kunawa mikono. Matobolwa ni gumu zaidi, na ugumu wake unanifurahisha. Mizani yake ni nne, na kina cha "lwa" ni adimu. Lakini ukitafuta utaikuta Kilwa, mji mkongwe wa mwambao. Utamkuta Kulwa, jina la pacha wa kwanza katika nyumba ya Kisukuma. Utaikuta salwa, chakula kilichoteremshwa pamoja na mana kwa watu waliokuwa jangwani. Bahari, ukoo na mbingu zimekutana kwenye kiazi kikavu, na aliyewakutanisha ni lugha yenyewe. Nsansa itatuletea mjadala, maana lazima tuamue kama nazali ya mwanzo inahesabiwa mizani au inapita na konsonanti yake. Mjadala huo nawaachia wajuzi wa arudhi, na ningependa kuusikia.

Nisije nikaonekana nawatuma wengine mtoni huku mimi nikikaa kivulini, nimetunga ubeti mmoja wa tarbia. Si mfano wa ustadi. Ni ushahidi tu kwamba mlango unafunguka. Msemaji ni mkulima aliyeketi kwenye benchi, na "mayu" ni mama kwa Kisukuma:

Nitilie sahanini, mayu, nipate michembe,
Nimetoka mashambani, bado nimeshika jembe,
Maziwa ya kibuyuni, nimiminie kikombe,
Deni li daftarini, hulipa pamba, si ng'ombe.

Mpate kuuvunja, kuusahihisha, au kuujibu. Malenga wa zamani walijibizana kwa mambo makubwa na madogo, na ubeti usiojibiwa ni chakula kilichopoa.

Ninachowaomba wenzangu wa bara ni mambo matatu mepesi. La kwanza, kabla ya kuandika tende, jiulizeni mlikula nini siku ile mnayoikumbuka. Kama zilikuwa tende, ziandikeni. Kama yalikuwa matobolwa, msiyabadilishe jina. La pili, mkiyaandika maneno hayo, msiyafungie kwenye mabano wala msiyawekee tanbihi kama wagonjwa wa kuambukiza. Msomaji wa Lamu ataelewa michembe kutokana na sentensi, kama mtoto wa Meatu alivyoielewa asumini bila kuiona. La tatu, nendeni kwa wapishi wenyewe wangali hai. Ulizeni kila hatua inaitwaje, kila chombo kinaitwaje, ugali ulioshindwa unaitwaje na ulioiva unajulikanaje. Andikeni kwa maneno yao, kisha pelekeni orodha kwa watunga kamusi. Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwepo tangu mwaka 1967, na Kamusi Kuu yake ipo. Lakini mtunga kamusi hufuata matumizi, na matumizi yanayomfikia ni yale yaliyoandikwa. Neno lisiloandikwa na mshairi wala mwandishi humfikia limekwisha kufa, au halimfikii kabisa.

Wenzangu wa mwambao nao nawaomba moja. Mlikuwa walezi wa ushairi huu, na mlezi mwema hafurahi mtoto wake akimwiga mpaka akasahau kwao. Mtakapoona shairi lenye michembe, msiulize limetoka wapi. Ulizeni kama mizani imetimia na kama limesema kweli.

Kisukuma kina neno la shukrani ambalo hata wasio Wasukuma Kanda ya Ziwa wanalijua: wabeja. Mkulima alilisema alipomaliza kula, mara nyingi kabla ya kulipa, mara nyingine badala ya kulipa. Mama aliliandika katika daftari pamoja na deni. Pamba ilipouzwa, wengi walirudi wakalipa, kwa kuwa jina lao lilikuwa limeandikwa na mtu anayewajua. Ushairi wa Kiswahili ulikula pia kwenye mabenchi yale, kupitia vinywa vya waliokuja kuwa walimu, waandishi na malenga wake. Jina lake limo daftarini, na msimu wa kulipa umefika.